Masomo ya Bure Yamo Simuni: Tuyatumieje Darasani?



Jioni moja nilikaa katika darasa la kisomo kwenye mwalo mmoja wa kisiwa cha Ukerewe. Wanafunzi walikuwa kumi na tisa. Wengi wao walikuwa akina mama wanaoanika dagaa. Somo la siku hiyo lilikuwa afya, na habari yenyewe ilikuwa kichocho.

Mwalimu wao ni kijana wa kujitolea. Alikuwa amepata video ya bure kutoka mtandaoni. Aliisimamisha simu yake juu ya ndoo aliyoipindua ili watu wote waione, akawasha spika ndogo. Video ilikuwa nzuri kweli. Ilionyesha konokono, ilionyesha minyoo, na ilieleza kwa Kiswahili safi kwamba mtu mwenye kichocho hukojoa damu.

Ilipokwisha, mama mmoja aliuliza:

"Mwalimu, mwanangu anaoga ziwani kila siku. Lakini hajakojoa damu hata mara moja. Basi huyo ni mzima?"

Mwalimu akajibu: "Ndiyo mama, huyo ni mzima."

Hapo nilishindwa kunyamaza. Video ile haikusema uongo, lakini jibu lile halikuwa sahihi. Maelezo yake ni haya.

Hapa Kanda ya Ziwa kuna kichocho cha aina mbili. Aina ya kwanza ni kichocho cha kibofu. Mgonjwa wake hukojoa damu. Hiki kinapatikana zaidi huko bara, mbali na ziwa, katika madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga. Aina ya pili ni kichocho cha tumbo. Hiki ndicho kinachosumbua kandokando ya Ziwa Victoria na visiwani. Hata konokono wanaokibeba ni wa aina nyingine. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Mgonjwa anaweza kuumwa tumbo, kuharisha, au kuona damu katika choo kikubwa. Wengine hawaoni dalili yoyote kwa miaka mingi. Lakini wakati huo wote mayai ya minyoo yanaliharibu ini polepole. Mwishowe tumbo linavimba, na mtu anaweza kutapika damu nyingi hata akafa. Na mkojo wake ulikuwa mweupe siku zote!

Kwa hiyo mtoto wa yule mama hakuwa amepimwa na mtu yeyote. Alikuwa amepimwa na video iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa mahali pengine.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu siku hizi watu wengi wananiuliza habari za masomo ya bure ya mtandaoni. Wanaouliza ni walimu wa kisomo, wajumbe wa kamati za shule, na wazazi waliojifunza kusoma wakiwa watu wazima ambao sasa wanataka kuwasaidia watoto wao. Wanauliza: je, yanafaa? Nasema yanafaa sana. Mimi nisingependa kufundisha tena bila hayo. Lakini yanataka mwalimu mwenye macho.

REDIO YA MWAKA 1973

Jambo hili si geni kwetu kama vijana wanavyodhani. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima waliingia katika vikundi vya kujifunza. Kabla yake, mwaka 1971, kulikuwa na "Wakati wa Furaha", na baadaye, mwaka 1975, kukawa na "Chakula ni Uhai".

Tuangalie kazi ilivyofanyika. Kikundi kilikusanyika kwenye redio moja. Watu wakasikiliza kipindi. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa. Kiongozi wa kikundi akafungua kitabu, wakasoma pamoja, kisha wakajadiliana: je, haya tuliyoyasikia yapo hapa kijijini kwetu? Yako wapi? Tufanye nini? Baada ya hapo walishika majembe wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu.

Redio ilikuwa mwanzo wa somo tu. Somo lenyewe lilianza ilipozimwa.

Na hapa Mwanza tuna historia yetu zaidi. Mradi wa kisomo wa UNESCO wa mwaka 1968 hadi 1972 ulikuwa na makao yake hapa, ukahudumia mikoa ya ziwa. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyozungumzia kazi zao, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Aliyelima pamba alisoma habari za pamba, na aliyevua samaki alisoma habari za samaki. Wakubwa wale walielewa kwamba mtu mzima hasomi herufi tupu. Anasoma maisha yake.

Sasa redio ile imekuwa simu. Tofauti ni kwamba redio ilileta kipindi kimoja, kilichotengenezwa kwa ajili yetu. Simu inaleta vipindi elfu na elfu, na vingi havikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa hiyo kazi ya yule kiongozi wa kikundi imezidi kuwa kubwa.

KUNA NINI HUKO MTANDAONI?

Nitataja vile ninavyovifahamu tu.

Kwanza ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani TET. Anwani yake ni ol.tie.go.tz. Humo mna vitabu vya kiada vya shule za msingi na sekondari, na kuvisoma ni bure. Mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani bila kitabu, kwa sababu darasani wanakitumia watoto wengi, anaweza kukifungua kitabu hichohicho katika simu. Hili pekee ni jambo kubwa. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na baadhi ya vitabu vya zamani vilivyo kabatini havilingani nayo tena. Ukiwa mjumbe wa kamati ya shule, waulize walimu wako kama wanaijua maktaba hiyo.

Kwa walimu wenyewe kuna TESSA. Huu ni mpango ulioanza mwaka 2005, unaoongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimo. Masomo yake yapo kwa Kiswahili. Hayo hayamfundishi mtoto moja kwa moja. Yanamwonyesha mwalimu namna ya kupanga somo la hesabu, sayansi au lugha kwa kutumia vitu vilivyopo kijijini. Mwalimu aliyesomeshwa haraka haraka, au yule wa kujitolea ambaye hakwenda chuo cha ualimu kabisa, atapata humo mambo ambayo sisi wengine tulikaa miaka miwili chuoni kuyatafuta.

Hadithi za kusoma ziko nyingi katika African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini. Mna hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Wenye hadithi hizo wameruhusu zichapishwe na hata zitafsiriwe. Watoto wadogo wanazipenda, na nimeona wanakisomo wapya wakizisoma bila aibu, ingawa ni za watoto.

Kwa hesabu kuna Ubongo Kids, katuni za Kiswahili zilizotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014. Kwa sayansi kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Hayo ni majaribio ya kuigiza. Mwanafunzi anaunganisha betri, waya na taa kwenye kioo cha simu. Akikosea hakuna kilichoungua. Baadhi yake yamekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili. Shule ambayo haina maabara, na hizo ni nyingi, inaweza kuanzia hapo.

Tena iko Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003. Inaandikwa na watu wa kawaida wanaojitolea, na hata wewe ukiona kosa unaruhusiwa kusahihisha. Ndiyo sababu makala nyingine ni nzuri na nyingine ni mistari miwili tu.

"BURE" MAANA YAKE NINI?

Hapa tusidanganyane. Somo ni bure, bando si bure. Nimewaona walimu wa kujitolea wakinunua vocha kwa posho yao ndogo, tena posho yenyewe haijafika. Si haki. Darasa la watu ishirini likichanga kidogo kidogo, bando la mwezi linapatikana, na mwalimu hataona kwamba anaadhibiwa kwa sababu ya bidii yake.

Njia ya kupunguza gharama ni kupakua. Mvuvi anaelewa neno hili upesi. Mtumbwi ukifika mwaloni, samaki wanapakuliwa mara moja na kuwekwa nchi kavu. Hufuati tena samaki yuleyule majini. Vivyo hivyo, mwalimu akifika mahali penye mtandao mzuri anapakua somo, linakaa ndani ya simu, naye analionyesha kijijini hata kama hakuna mtandao kabisa. Ipo programu inaitwa Kiwix ambayo humwezesha mtu kupakua Wikipedia nzima ya Kiswahili na kuisoma bila bando. Mpe mwalimu wa kisiwani simu yenye kitu hicho, umempa rafu ya vitabu.

Jambo jingine: kuruhusiwa kusoma bure si kuruhusiwa kuchapa na kuuza. Vitabu vingine vina leseni huria, maana yake mwandishi ameruhusu vinakiliwe mradi jina lake litajwe. Vingine ni vya kusoma tu. Soma maandishi madogo ya mwanzoni kabla hujakimbilia mashine ya fotokopi.

Na mlango wa kweli wa maktaba hauombi namba ya siri ya pesa zako. Ukiona somo linalokuuliza namba ya siri, au linalokupeleka kwenye mikopo ya haraka au kamari, funga. Huko si shuleni.

ZIWA MOJA, MASOMO MENGI

Nieleze sasa somo moja nililolifundisha mwenyewe pamoja na mwalimu wa darasa la sita. Tulitaka kujua sehemu ya Ziwa Victoria iliyo ya Tanzania. Tuliwapa wanafunzi simu mbili na kuwaambia watafute.

Kundi la kwanza lilirudi na jibu: Tanzania asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Kundi la pili likasema: Tanzania 49, Uganda 45, Kenya 6. Kelele zikaanza. Kila kundi liliona lenzake limesoma vibaya. Tulitazama. Makundi yote mawili yalikuwa yamesoma vizuri. Hesabu zote mbili zimeandikwa na watu wenye elimu, na zote mbili ukizijumlisha unapata 100.

Mwalimu mwingine angeona aibu, akachagua jibu moja na kufuta ubao. Sisi tuliliacha lile jambo ubaoni, likawa somo la juma zima. Ukubwa wa ziwa lote, kwa hesabu iliyozoeleka vitabuni, ni kilometa za mraba 68,800. Asilimia 51 yake ni 35,088. Asilimia 49 ni 33,712. Tofauti ni kilometa za mraba 1,376. Je, hiyo ni kubwa au ndogo? Mtoto hawezi kujua kwa kuitazama namba tu. Lakini kisiwa cha Ukerewe, ambacho baadhi yao walikuwa wamekivuka kwa kivuko, kina kama kilometa za mraba 530. Basi ile "asilimia mbili tu" ni zaidi ya Ukerewe mbili! Darasa lilinyamaza. Nadhani siku hiyo ndipo walipoielewa asilimia.

Katika jiografia walijadili kwa nini wapimaji wawili wasipate jibu moja: mpaka wa majini hauna mawe, na ufuko wenyewe hausimami mahali pamoja, maji yakipanda unasogea. Katika Kiswahili waliandika barua ya kuuliza swali hilo ofisi ya wilaya, wakajifunza mahali pa kuweka anwani na tarehe. Simu ilitumika kwa dakika kumi hivi. Zilizobaki zilikuwa chaki, daftari na midomo yao.

Lakini yako masomo ambayo simu haina kazi. Tulipofika kwenye kuelea na kuzama, mwalimu alitaka kutafuta video. Nilimwambia alete beseni la maji, sufuria na kokoto. Watoto walitia kokoto moja moja katika sufuria inayoelea, wakihesabu. Kokoto ya mwisho ni ndogo kama wenzake, lakini ndiyo inayoizamisha. Kisha mwalimu akaandika ubaoni kwamba MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kilikuwa cha kubeba watu 101, na kwamba waliokufa peke yao walizidi 220. Hakuna aliyehitaji picha. Baadhi ya watoto wale wana jamaa zao waliozikwa mwaka ule.

KABLA HUJAIWASHA SIMU MBELE YA WATU

Video itazame mwenyewe kwanza, peke yako, mpaka mwisho. Usikutane nayo mara ya kwanza mbele ya wanafunzi. Hilo ndilo kosa la yule kijana wa Ukerewe, na hata mimi nimelifanya. Unapoitazama, shika kalamu. Andika kila mahali ambapo mambo si kama ya kwetu. Je, samaki wanaotajwa ni wa huku? Mahindi yanapandwa mwezi huohuo? Ugonjwa ni uleule? Dawa inapatikana zahanati yetu? Kwa mambo ya afya, muulize mganga wa zahanati kabla ya somo. Kwa kilimo, bwana shamba yupo. Ujumbe wa kurushiana katika makundi ya simu, ule wa "eti majani fulani yanaponya kila kitu", usiuingize darasani hata kama aliyekutumia ni shemeji yako.

Chagua kipande kifupi. Dakika nne au tano zinatosha. Ukionyesha nusu saa watu watalala, hasa jioni baada ya kazi za mwaloni. Simamisha katikati uulize: "Mnafikiri sasa itakuwaje?" Kioo cha simu ni kidogo, kwa hiyo watu watano watano ndio wanaoona vizuri, na wengine waendelee na kazi ya kuandika mpaka zamu yao ifike. Picha muhimu ichore ubaoni, kwani simu itaondoka na mwalimu lakini mchoro wa daftarini utabaki nyumbani. Mwenye kitochi asijione amebaki nyuma. Katika "Mtu ni Afya" redio moja ilitosha kikundi kizima.

Na chaji! Nimeona somo zuri likifa dakika ya pili kwa sababu ya chaji. Kama kuna duka lenye sola, simu ipelekwe huko mapema.

Turudi Ukerewe. Nilikaa na yule kijana usiku ule tukaitazama video yake mara tatu. Hakukasirika, na hiyo ni sifa ya mwalimu. Kipindi kilichofuata aliwaomba wanafunzi radhi, akaiwasha tena. Ilipofika kwenye mkojo wa damu, akaisimamisha. Akasema: "Hapa panawahusu wenzetu wa madimbwini. Sasa tuseme ya kwetu." Akachora ubaoni mwalo wao wenyewe: mitumbwi, chanja za dagaa, matete ambamo watoto huogelea, na vichaka ambamo watu hujisaidia kwa kukosa choo. Wanafunzi walimsahihisha mahali pa matete. Kisha akafuata njia ya ugonjwa kwa chaki. Mayai hutoka na choo kikubwa, mvua inayasukuma ziwani, yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono kwenye matete. Baada ya majuma kadhaa vinatoka vipya kwa maelfu na kumpenya mtoto ngozi hapohapo anapoogelea. Mstari wa chaki ulianzia vichakani ukaishia kwa mtoto, na haukuwa mrefu.

Yule mama alikwenda zahanati na mwanawe. Walipima choo kikubwa, wakayaona mayai. Mtoto akapewa vidonge vya prazikwanteli, akaambiwa kwamba vinaua minyoo iliyomo lakini havizuii mingine kuingia akirudi kwenye matete. Darasa liliamua kuchimba choo cha mwalo. Nilipopita mara ya mwisho shimo lilikuwa limefika kifuani, nao walikuwa wanabishana juu ya mabati.

Swali lao jipya lilikuwa hili: kwa nini ziwa lilipanda mwaka 2020, na tena mwaka 2024, hata likameza sehemu ya kuanikia dagaa? Mwalimu alisema hajui, atatafuta. Kesho yake asubuhi alipanda pikipiki kwenda Nansio, ambako mtandao una nguvu, akiwa na daftari lake na simu iliyojaa chaji.